Vyuma Vinane vya Pikapu ya Baba

Mwezi uliopita nilisimama Mlowo kununua parachichi, na mbele ya kibanda cha muuzaji kulikuwa na pikapu ya zamani, yenye pua ndefu na taa za duara, imepakwa rangi ya maziwa mpaka inang'aa. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amelishusha nyuma kiasi kwamba nusu ya tairi ilizama ndani ya bodi. Siku hizi ni mtindo. Vijana wanatafuta magari ya umri wa baba zao, wanayafufua, kisha wanayalaza chini kama paka anayenyemelea. Watu walikuwa wamejazana mbele wakilisifia. Mimi nikazunguka nyuma, nikachuchumaa na sketi yangu ya kazini, nikainamisha kichwa nitazame chini ya bodi.

"Mama, umeangusha kitu?" kijana akauliza.

"Hapana, mwanangu. Umetoa vyuma vingapi?"

Akacheka kwa mshangao. "Vitatu kila upande. Kumbe mama unajua springi?"

Nikamwambia najua kidogo. Nilitaka kumwambia mengi zaidi, lakini alikuwa na furaha yake, na muuzaji alikuwa ananisubiri na chenji. Nikarudi nyumbani Vwawa na parachichi zangu, na wiki nzima hiyo sikupata usingizi wa kutosha.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, ngoja nieleze taratibu, maana bila hili hamtaelewa lililotupata. Chukua fito kadhaa za mwanzi zenye urefu tofauti. Panga ndefu juu, fupi chini, kisha zifunge pamoja katikati. Ukikandamiza ncha za ile ndefu, zote zinasaidiana kukukatalia. Springi za nyuma za pikapu ya zamani ziko hivyo hivyo, ila badala ya fito ni vyuma vilivyopinda, vimebanwa kwenye ekseli kwa bolti nene. Vyuma vikiwa vingi gari linakaa juu na linabeba sana. Ukivipunguza linalala nyuma, hata kama halina kitu. Pikapu ya baba ilikuwa na vyuma vinane kila upande: vitano vilivyokuja na gari, na vitatu vya lori alivyoongeza mwenyewe ili ibebe kahawa na mahindi ya watu wa kijiji chetu cha Ruanda bila kulalamika. Ikiwa tupu ilikaa matako juu kama bata anayetafuta kitu chini ya maji. Tulikuwa tunaicheka, na baba alikuwa anacheka pamoja nasi.

Jambo la pili la kuelewa ni macho ya watu wa kwetu. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, aliishi Tunduma na alifanya biashara ya mahindi karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mchangamfu. Madereva wa Zambia wakipita aliwapigia kelele za salamu kwa lugha yao, "Mulishani, mudala!" nao wakamjibu kwa honi. Kila tulipomtembelea alinikalisha juu ya magunia nje ya ghala lake, tukacheza mchezo wake aliouita kusoma malori.

"Sekela, soma hilo."

"Tupu."

"Umejuaje?"

"Nyuma limeinuka."

"Na lile la turubai?"

"Limelala nyuma, lakini turubai liko chini. Limebeba kitu kizito kisicho na kimo."

"Yaani nini?"

"Shaba!"

"Shaba, mama yangu! Shaba!" Akapiga paja lake, akanipa biskuti. "Mbele watakupakia rangi. Wewe nenda nyuma, ndiko utaona hali yake."

Watu wazima wa mpakani wote walisoma magari namna hiyo, hata wale waliojifanya hawatazami. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa hodari kuliko binamu zangu wote. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunifanya nijione mwenye akili kama baba mkubwa alivyonifanya nikiwa juu ya yale magunia.

Baba alifariki ghafla, kahawa zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuwa nyekundu. Sitaeleza msiba. Wenzangu wa rika langu mmeshazika, mnajua. Nitasema tu kwamba baada ya watu kuondoka tulibaki mama na mimi, shamba, na pikapu. Mama alikuwa anajua kuendesha. Baba alimfundisha kwenye uwanja wa shule siku za likizo, watu wakasimama kando ya barabara kumshangaa mwanamke wa kutoka milima ya Ileje akigeuza usukani. Kwa ile pikapu angeweza kubeba kahawa ya wenzake, akalipwa, tukaishi. Bila ile pikapu angekuwa mjane mwenye ekari mbili na mtoto.

Na ukoo ulikuwa umepanga kikao. Ilikuwa desturi, na wazee walioifuata hawakuiona kama ubaya: msiba ukikwisha, ndugu wa marehemu wanakaa, wanagawa alivyoacha. Kila mtu mzima alijua baba mkubwa ataitaka pikapu. Mama alijua. Jirani zetu walijua. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijui, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto wa miaka tisa.

Jumapili moja kabla ya kikao, mama alisema kichwa kinamuuma, akaniacha niende kanisani na jirani. Hapo hapo nikaanza kuwa na wasiwasi. Mama hakukosa ibada. Hata Jumapili iliyofuata mazishi alikwenda, akakaa benchi la mbele na kitenge chake cheusi. Siku hiyo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa amekwenda Mbozi Mission na kwaya, kwa hiyo tulitawanywa mapema. Sikumsubiri jirani. Nikakatiza kwenye mashamba, nikatokea nyuma ya nyumba yetu, na kabla sijatoka kwenye mibuni nikasikia chuma kinagonga chuma.

Nikachuchumaa.

Pikapu ilikuwa imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye magogo. Miguu ya mtu ilikuwa imetokeza chini yake, na viatu nilivifahamu: vya Fundi Nzowa, aliyekuwa na karakana ndogo karibu na mashine ya kusaga. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mapajani mwake kuna nati zimepangwa juu ya kitambaa kama mtu anayechambua mchele.

"Mama Sekela, na hiki cha nne nikitoe?"

"Ukikitoa litakaaje?"

"Litakaa kama punda aliyebebeshwa tangu asubuhi."

"Kitoe."

"Haya. Lakini ukipakia usizidishe, bodi litasaga tairi."

"Fundi, wewe toa. Habari ya kupakia tutaijua wakati wake."

Kikatoka chuma, kikaanguka chini kwa mlio mzito. Nikavihesabu vilivyolala kwenye majani: vinane. Vinne vya kulia, vinne vya kushoto. Fundi akabana vilivyobaki, akatoka chini, akafuta jasho, akateremsha jeki polepole. Pikapu ikashuka. Ikashuka tena. Ikaendelea kushuka pale nilipozoea kuiona ikisimama, mpaka matako yake yakawa chini kuliko pua. Nilihisi kama kuna mtu amemkalisha baba kwa nguvu.

Kisha nikaona kitu ambacho hata leo nikikikumbuka naelewa kwa nini mtoto alichanganyikiwa. Fundi Nzowa alichota oili chafu kwenye kopo, akapaka nati zote alizotoka kuzifunga. Halafu akachukua vumbi kwa kiganja, akalirushia juu ya oili.

"Zilikuwa zinang'aa," akamwambia mama. "Mtu akiinama tu, ameshajua."

"Paka na huku."

Fundi gani anachafua kazi yake mwenyewe? Baba alikuwa akifuta kila nati kwa kitambaa. Aliyekuwa anaficha kazi yake, niliwaza, alikuwa mwizi.

"Na mtoto?" fundi akauliza.

"Sekela asijue. Yule ana mdomo. Na baba yake mkubwa anamtoa maneno kwa biskuti."

Sentensi hiyo ilinichoma mara mbili. Kwanza kwa mdomo wangu. Pili kwa sababu ilinithibitishia: jambo hili, lolote liwalo, wanamficha baba mkubwa. Na kama wanamficha baba mkubwa, basi baba mkubwa ndiye mtu wa kuambiwa.

Mama akaingia ndani, akatoka na chai. Akampa fundi kwenye kikombe cha bati cha baba, kile cha bluu kilichobanduka mdomoni. Fundi akanywa kama chake.

Nikabaki kwenye mibuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Wiki iliyofuata niliishi kama askari wa upelelezi. Mama akiniambia nichote maji, nilipita kando ya pikapu nikapima kwa mkono nafasi kati ya tairi na bodi. Zamani ngumi yangu na mkono mpaka kiwiko vilipita bila kugusa. Sasa viliingia vidole vitatu. Mama akinitazama nilijifanya nafukuza kuku. Mama akiwa kimya nilijiuliza anafikiria nini. Akiongea nilijiuliza anaficha nini. Usiku nilipomwombea, kama baba alivyonifundisha, nilijikuta naomba Mungu amwonyeshe mama kwamba Fundi Nzowa anambomolea gari la baba kipande kwa kipande, na kwamba akimaliza gari atahamia kwenye kikombe, na akimaliza kikombe atahamia kwenye kiti. Nilikuwa nimeshamaliza hesabu yote kichwani. Mtoto mwenye shaka hana upungufu wa ushahidi. Kila anachokiona kinamwambia yuko sahihi.

Jumatatu jioni, jua likiwa bado liko juu, Fundi Nzowa alikuja na baiskeli, akafunga gunia la kahawa nyuma, akatandaza majani ya kabichi juu yake. Gunia la kahawa halipigi mlio. Lile lililia klang kila jiwe la njia. Nikamfuata kwa mbali, nikijificha kwenye migomba ya watu, mpaka kwake. Alisukuma gunia kwenye uvungu wa kitanda, nikaona kupitia mlango. Alipotoka kwenda nyuma ya nyumba nikaingia mbio, nikalipapasa gunia kwa nje. Vinane.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni.

"Sekela! Siku hizi hatusalimiani?"

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Kuku wetu."

"Kuku wenu?" Akatazama chini ya kitanda, akatazama nje, akashika kiuno. "Kuku wenu wana miguu mizuri. Kutoka kwenu mpaka huku bila hata kupumzika?"

Alikuwa na hindi la kuchoma mkononi, akalivunja, akanipa nusu. "Chukua. Kula ukienda. Mwambie mama nimesema salama."

Nilipofika mbali nikalitupa kwenye mfereji. Nilijua hongo ni nini. Nilikuwa nimekulia karibu na mpaka.

Sasa nawatazama watoto wangu wakinitazama kwa pembe ya jicho ninapozungumza kwa simu na sauti ya chini, na huwa naacha ninachofanya, nakaa nao, naeleza. Si kila kitu ni cha mtoto, najua. Lakini kitu chenye kelele ya chuma ndani ya gunia, mtoto ameshakisikia. Ukimnyima maelezo atajitengenezea yake, nayo hayatakuwa ya kukusaidia.

Kikao kilikaa Jumamosi, uani kwetu, kwenye viti vya kuazima kanisani. Baba mkubwa alikuja na wazee wawili wa ukoo. Alinikumbatia mpaka nikanusa mahindi kwenye koti lake, akanipa pakiti nzima ya biskuti, akaniambia, "Mama yangu, umekonda. Tutakunenepesha." Fundi Nzowa alikuwepo pia, amekaa mwishoni kama jirani mwema. Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake wengine, ameinamisha kichwa.

Waliongea mengi ambayo sikuyafuata. Shamba libaki la mtoto. Ng'ombe mmoja aende kwa shangazi. Kisha baba mkubwa akakohoa.

"Sasa, shemeji, kuna gari. Hapa litaozea tu. Mimi nitalitunza Tunduma, liendelee kufanya kazi, na mtoto asikose daftari. Mnasemaje wazee?"

Wazee wakasema ni maneno mazuri. Mama hakuinua kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, gari limechoka lile. Kalitazameni."

Wakasimama, wakaenda kulitazama, na mimi nikawafuata. Baba mkubwa hakwenda mbele. Alikwenda nyuma, kama nilivyojua atakwenda. Akasimama miguu ikiwa imepanuka, akatazama matako ya pikapu yaliyolala chini na bodi lisilo na hata jani la kabichi.

"Hee," akasema. "Tupu, na limekaa hivi?"

"Springi zimelala," mzee mmoja akasema.

"Si springi tu. Chesesi imepinda hii. Mdogo wangu alilibebesha sana." Akalipiga teke tairi kidogo, kama mtu anayemwamsha ng'ombe mgonjwa. "Nikilifikisha Tunduma watu watanicheka. Watasema nimekuja na machela."

Wakacheka wote. "Mwachie shemeji abebee kuni," mzee wa pili akasema. "Zikiwa nyepesi."

Wakacheka tena. Nikamwona mama kule kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, anavuta pumzi mpaka chini. Fundi Nzowa alikuwa anatazama viatu vyake.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa kitambo. Mimi niliona wizi unakaribia kukamilika. Niliona baba mkubwa, mtu aliyejua kusoma malori kuliko wote, anadanganywa mbele ya macho yangu na fundi mwenye uvungu uliojaa vyuma vya baba. Na niliona kwamba kwa siku hii moja mimi nilisoma vizuri kuliko yeye.

"Baba mkubwa," nikasema, "halijachoka."

"Nini, mama yangu?"

"Halijachoka. Fundi Nzowa ametoa vyuma. Vinane. Viko chini ya kitanda chake. Na amepaka vumbi kwenye nati ili zisionekane. Mimi nimeona."

Wazee wakageuka wakamtazama fundi. Hata kuku, nakumbuka, au labda nimewaongeza mwenyewe baadaye.

Baba mkubwa alipiga magoti na suruali yake nzuri, akaingiza mkono chini ya bodi, akasugua kwa kidole gumba. Akakitoa kidole, akakitazama: cheusi upande mmoja, na kule chini ya bodi nati iliyong'aa kama jino jipya. Kisha akaanza kucheka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililofanya jambo lisiwezekane kurekebishwa. Angekasirika, wazee wangemtuliza, mama angelia, labda aibu ingemgeukia yeye. Lakini alicheka kwa furaha, kama aliyeshinda mchezo.

"Shemeji! Shemeji! Yaani ulitaka kunisomesha vibaya!" Akaninyanyua juu juu. "Huyu mtoto ana macho! Wazee, mnaona damu yetu?"

Fundi Nzowa alisimama. "Mimi ndiye niliyetoa," akasema. "Mama Sekela msimguse."

"Nani amguse? Wewe Jumatatu virudishe tu. Vyote vinane. Sekela atahesabu."

Nikageuka kumtazama mama, nikitegemea kuona usingizi ukimtoka, kuona ameokolewa. Alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama barabara anayopaswa kuitembea kwa miguu.

Ilinichukua miaka kulielewa lile jicho, na hata hapo sikulielewa mwenyewe. Mama alinieleza. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimeanza kazi, nimerudi likizo, tunapukuchua maharage barazani. Alieleza bila kupamba: kwamba wazo lilikuwa lake, kwamba Fundi Nzowa alikataa mara mbili kabla ya kukubali, kwamba hakuchukua hata senti, na kwamba vyuma vingerudishwa baada ya kikao, mara tu Tunduma wakisahau.

"Na Jumapili?" nikamuuliza. "Hukuogopa kufanya Jumapili?"

"Niliomba msamaha Jumapili iliyofuata. Kwa kukosa ibada. Si kwa gari."

Tukacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba muda wote: kama angenieleza mapema, je, nisingesema?

"Usingesema."

"Mama, mwenyewe ulisema nina mdomo."

"Nilikosea mimi hapo. Ulikuwa mtoto wa kueleweshwa. Ukieleweshwa unatulia. Nilikuficha, ukaenda kujieleza mwenyewe." Akaokota harage moja lililokwenda mbali. "Ulijieleza vizuri lakini. Kila kitu kilikuwa sahihi, isipokuwa jambo lenyewe."

Sitaki mtu adhani baba mkubwa alikuwa mtu mbaya. Aliamini alichosema kuhusu daftari, na mwaka wa kwanza alizileta. Mwaka wa pili alileta biskuti. Mama alikodi nafasi kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, na msimu wa kahawa alikuwa anatangulia mbele ya ng'ombe alfajiri na kurudi nyuma yao jioni, na mimi nilisoma. Fundi Nzowa hakuhamia kwenye kiti cha baba. Alioa mwanamke wa Saza na akapata watoto wanne, na kila tulipokutana njiani nilimpa shikamoo kabla hajaiomba.

Lakini ninachokiona nikifumba macho ni ile Jumatatu. Fundi alikuja asubuhi na gunia lile lile juu ya baiskeli, safari hii bila kabichi. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti cha kanisa, akaniweka karibu yake. Nikaambiwa nihesabu, na mimi sikutosheka na kuhesabu. Nilivibeba. Kila chuma nilikikumbatia kifuani, kizito, chenye grisi, nikampelekea fundi chini ya gari.

"Cha ngapi hiki, mama mkaguzi?" akaniuliza kutoka chini, bila kunitazama.

"Cha sita."

"Haya. Lete cha saba."

Alifunga nati ya mwisho na kuifuta kwa kitambaa, kama alivyokuwa akifanya baba. Akateremsha jeki. Jeki ikashuka, gari halikushuka. Lilibaki matako juu, vile vile kama bata, vile vile kama baba alivyoliacha. Nikapiga makofi. Niliruka na kupiga makofi, nikageuka ili mama naye apige.

Baba mkubwa akaingia, akawasha, akanipungia mkono dirishani. Pikapu ikatoka uani nyepesi, ikapita mikaratusi, ikakunja kuelekea barabara kubwa, na nikabaki nasikiliza mlio wake hadi ukapotea.

Mama alikuja na kikopo cha mafuta ya taa na kitambaa. Alinishika mikono, akaimwagia kidogo, akaanza kusugua grisi kidole kwa kidole, polepole, bila kuniumiza.

"Mama, atalirudisha saa ngapi?"

Akageuza kiganja changu juu.

"Lete na mwingine," akasema.